Galoni ile ile, joto tofauti: kesi ya mafuta ya moto ya Kansas

Mkaguzi wa vipimo nchini Marekani akifika kituo cha mafuta hubeba chombo cha chuma cha galoni 5, chenye shingo nyembamba na kioo cha kusomea alama. Hujaza petroli kutoka kwenye pampu, husubiri povu litulie, kisha husoma. Galoni 5 ni inchi za ujazo 1,155, na pampu ambayo imekuwa kazini kwa muda inaruhusiwa kukosea inchi 6 tu, juu au chini. Hiyo ni karibu nusu ya asilimia moja. Ikipita mpaka huo inafungiwa, ikibaki ndani inapata muhuri na biashara inaendelea. Joto la petroli iliyomo chomboni haliingii katika hesabu hiyo ya kufaulu au kufeli.

Pampu zinazotajwa katika kisa hiki hazikudaiwa kuchezewa. Hakukuwa na mwenye kituo aliyefungua mita usiku, wala kifaa kilichofichwa chini ya kifuniko. Kila pampu ilitoa galoni kamili kama sheria inavyoitaja. Hata hivyo watu wa majimbo zaidi ya 20 walikwenda mahakamani wakisema wanalipia mafuta wasiyopewa, na kesi zao zikachukua zaidi ya miaka 10. Ndiyo maana nimekichagua. Wizi wa pampu iliyochezewa kila mtu anauelewa. Hapa ni lazima kwanza tujiulize galoni ni nini.

Tuanze na petroli yenyewe. Ikipata joto hutanuka, na hutanuka sana kuliko maji. Kwa kila nyuzi 15 za Farenhaiti zinazoongezeka, ujazo wake hukua kwa takriban asilimia 1. Kwa vipimo vyetu ni kama asilimia 1.2 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Uzito haubadiliki, na nguvu inayosukuma gari inafuata uzito kuliko ujazo. Galoni iliyojazwa petroli ya nyuzi 90 za Farenhaiti ina mafuta pungufu kwa karibu asilimia 2 kuliko galoni iliyojazwa kwa nyuzi 60. Linganisha hiyo asilimia 2 na nusu asilimia anayoipigania mkaguzi kwa chombo chake. Sheria inamfungia mwenye pampu kwa kosa la nusu asilimia, huku joto lenyewe likiweza kusogeza mafuta kwa mara nne ya kosa hilo bila mtu kuulizwa.

Wafanyabiashara wakubwa wamelijua jambo hili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na walilishughulikia mapema. Katika biashara ya jumla ya Marekani, galoni ya mafuta huhesabiwa kama vile mafuta yangekuwa na nyuzi 60 za Farenhaiti, yaani nyuzi 15.6 za Selsiasi. Kama yana nyuzi 85, hutumika jedwali la marekebisho na hesabu inashushwa. Lori likipakia kwenye depo, hati yake ya mzigo huonyesha idadi mbili: galoni zilizopita kwenye mita kama zilivyo, na galoni zilizorekebishwa hadi nyuzi 60. Wanaouziana mapipa maelfu kwa maelfu hawawezi kukubali asilimia 2 ipotee kwa sababu jua lilikuwa kali siku ya kupakia.

Galoni ya pampu ina asili nyingine kabisa. Ni inchi za ujazo 231, kipimo kilichorithiwa kutoka galoni ya mvinyo ya Uingereza ya enzi za Malkia Anne, mwanzoni mwa karne ya 18. Inchi 231 ni nafasi tu. Haisemi kilichojaa ndani ni moto au baridi. Kwa hiyo mafuta yaliyosafiri kutoka kiwanda cha kusafishia hadi depo yakihesabiwa kwa kipimo kimoja, yanafika kwa mnunuzi wa mwisho na kuhesabiwa kwa kingine, na neno linabaki lile lile: galoni.

Huenda zamani tofauti hiyo haikuwa kubwa. Matangi ya chini ya ardhi yalikuwa ya chuma chenye ukuta mmoja, na mafuta yakikaa humo siku kadhaa yalipoa kuelekea joto la udongo. Matangi ya sasa yana kuta mbili, mengi ni ya faibaglasi, yametengenezwa hivyo ili mafuta yasivuje na kuharibu maji ya ardhini. Kuta hizo huzuia joto lisitoke pia. Zaidi ya hapo, vituo vyenye wateja wengi humaliza tangi na kujaza upya haraka mno, mafuta hayapati muda wa kupoa. Yanatoka kiwandani yakiwa na moto na yanaingia kwenye gari yakiwa bado na moto.

Agosti 2006 gazeti la The Kansas City Star lilichapisha habari za kina kuhusu jambo hilo na kukadiria kwamba wanunuzi wa Marekani walikuwa wakilipa dola bilioni 2.3 za ziada kwa mwaka. Takwimu za joto kutoka vituo vingi zilionyesha kwamba wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu nyuzi 65, si mbali na zile 60. Lakini wastani unaficha mengi. Kaskazini wakati wa baridi, mnunuzi ndiye anayefaidi. Texas, Arizona, Florida na California, muuzaji anafaidi karibu mwaka mzima. Mtu wa Arizona hapati nafuu yoyote kwa sababu mtu wa Minnesota amejaza mafuta ya baridi Januari.

Kabla mwaka haujaisha, kesi za kwanza zilikuwa zimefunguliwa. Mwaka 2007 zilikusanywa pamoja na kupelekwa mbele ya Jaji Kathryn Vratil wa mahakama ya shirikisho ya Kansas. Wadaiwa walikuwa kampuni kubwa za mafuta na minyororo ya vituo vya rejareja. Miongoni mwa waliolipigania suala hili kwa nguvu nje ya mahakama walikuwa madereva wa malori wanaomiliki malori yao wenyewe, kupitia chama chao cha OOIDA. Hilo halinishangazi. Mwenye gari dogo akipoteza asilimia 1 hupoteza senti chache kwa wiki. Mwenye lori anayechoma maelfu ya galoni za dizeli kwa mwaka anaiona tofauti hiyo kwenye mfuko wake.

Dai lenyewe halikuwa kwamba galoni ilikuwa na inchi 229. Wadai walisema kampuni zinajua mafuta yana joto gani, zinajua joto hilo linapunguza kilichomo ndani ya galoni, zenyewe zikinunua na kuuziana zinarekebisha, kisha zinapomuuzia mwananchi zinakaa kimya. Walitaka moja kati ya mambo mawili: pampu zifungwe kifaa kinachosoma joto na kurekebisha galoni papo hapo, au angalau mnunuzi aambiwe joto la mafuta anayolipia.

Majibu ya wadaiwa hayakuwa dhaifu, na ni haki kuyaeleza kwa uzito wake. La kwanza, sheria za majimbo zinataja galoni kuwa inchi 231 na ndizo tulizotoa, wakaguzi wenu wenyewe wametugongea muhuri. La pili, katika majimbo mengi haikuwa wazi hata kama kifaa cha kurekebisha joto kinaruhusiwa kwenye pampu ya rejareja. Muuzaji anaweza vipi kulaumiwa kwa kutofunga kitu ambacho huenda kingemtia hatiani? La tatu ni la uchumi. Vituo vinashindana. Kama kila kituo cha mji kinapata galoni chache za ziada kwa sababu ya joto, ushindani unashusha bei mpaka faida hiyo inaisha. Ukiwalazimisha kutoa galoni kubwa, watapandisha bei ya galoni, na mnunuzi atalipa kile kile, pamoja na gharama ya vifaa.

Kuna jambo jingine ambalo wasimuliaji wengi wa kisa hiki huliruka. Si kila mwenye kituo alinufaika. Wapo walionunua kutoka depo kwa galoni zilizorekebishwa na wapo walionunua kwa galoni kama zilivyopita kwenye mita. Huyu wa pili alipokea mafuta ya moto na akauza mafuta ya moto, hakupata chochote. Kumweka kwenye kapu moja na mwenye kiwanda hakukuwa haki.

Tuliangalie kwa makini hilo jibu la uchumi, kwa sababu ndilo lililobeba uzito mkubwa nje ya mahakama. Bunge la California liliagiza uchunguzi, na mwaka 2009 tume ya nishati ya jimbo hilo ikatoa ripoti. Ilikubali kwamba mafuta ya California yana joto zaidi ya nyuzi 60. Lakini ilihitimisha kwamba kufunga vifaa hakungewaletea wanunuzi nafuu: wauzaji wangepandisha bei kufidia, na gharama ya vifaa, ingawa ni sehemu ndogo sana ya senti kwa galoni, ingewaangukia wanunuzi hao hao. Ukifikiria mji mzima kama mnunuzi mmoja na vituo vyote kama muuzaji mmoja, hesabu hiyo inasimama.

Mimi naona hapo ndipo uchambuzi ulipopungukiwa, maana mji si mnunuzi mmoja. Chukua vituo viwili vinavyotazamana barabarani. Kimoja kinauza kwa dola 3.00 na mafuta yake yana nyuzi 70. Cha pili kinauza kwa dola 2.98, mafuta yamefika sasa hivi kutoka depo na yana nyuzi 90. Dereva anasoma mabango na kuingia cha pili, akiamini ameokoa senti mbili. Tofauti ya nyuzi 20 ni karibu asilimia 1.4 ya mafuta. Kwa kiasi kile kile cha mafuta anacholipia dola 3.00 upande wa kwanza, huku amelipa kama dola 3.02. Amekwenda kwa muuzaji ghali akidhani ni nafuu, na hana njia yoyote ya kujua. Wajibu wa kwanza wa kipimo cha biashara, tangu pishi na kibaba, ni kumwezesha mnunuzi alinganishe wauzaji wawili. Galoni isiyotaja joto inashindwa kazi hiyo, na ushindani wa bei, ule ule uliotajwa kama mwokozi wa mnunuzi, unategemea ulinganishaji huo.

Ushahidi ulionigusa kuliko wote unatoka nje ya Kansas. Nchini Canada hali ya hewa ni baridi, na mafuta ya baridi yanamuumiza muuzaji: anatoa mafuta mengi zaidi kwa kila lita. Tangu miaka ya 1990 mamlaka za vipimo za huko ziliruhusu pampu zinazorekebisha joto hadi nyuzi 15 za Selsiasi. Hakukuwa na shuruti. Wauzaji wenyewe walizifunga, na sehemu kubwa kabisa ya vituo vya Canada sasa vinauza kwa lita zilizorekebishwa, pampu ikiwa na maandishi yanayosema hivyo. Huko hatukusikia kwamba kifaa ni ghali mno au kwamba kitawachanganya wateja. Hawaii, ambako ni joto mwaka mzima, walichukua njia rahisi zaidi. Tangu miaka ya 1970 jimbo hilo lilikubali kwamba mafuta yake yana wastani wa nyuzi 80 za Farenhaiti, likaikuza galoni yenyewe hadi takriban inchi 234. Hakuna kompyuta wala kipimajoto. Mita inarekebishwa tu. Kwa mahali ambapo joto halibadiliki sana kati ya masika na kiangazi, ni suluhisho la busara mno.

Turudi Kansas. Kampuni zilizofunga vifaa vya kurekebisha joto Canada zilivipinga Marekani. Wadai walitaka kuona mawasiliano kati ya kampuni na vyama vya wafanyabiashara kuhusu namna walivyoshawishi watunga sheria na maofisa wa vipimo. Kampuni zilikataa zikitaja uhuru wa kujumuika unaolindwa na katiba. Mahakama ya rufaa ilikataa ombi lao mwaka 2011.

Septemba 2012 sehemu ya Kansas ilisikilizwa mbele ya juri, wale wananchi wa kawaida wanaoteuliwa kuamua ukweli wa mambo. Sheria ya kulinda walaji ya Kansas iliwapa mtihani mgumu. Haikutosha kuonyesha kwamba mafuta yalikuwa moto na mnunuzi hakuambiwa. Ilibidi kuonyesha kwamba muuzaji alificha kwa makusudi jambo lenye uzito kwa mnunuzi, au alitenda kwa namna isiyovumilika. Juri iliwapa ushindi wadaiwa. Mwaka uliofuata jaji aliamua kesi za California zilizobaki mikononi mwake kwa upande wa wadaiwa pia, bila kuzifikisha kwenye juri.

Sioni kwamba juri ilikosea. Muuzaji aliyefuata kipimo cha sheria, akakaguliwa na kugongewa muhuri, ni vigumu kumwita mlaghai. Kosa lilikuwa mbali na kaunta yake, kwenye vikao vya maofisa wa vipimo wa majimbo, ambako suala la joto kwenye pampu za rejareja lilijadiliwa tangu miaka ya 1970 na likaachwa mara kwa mara. Wadai walimpeleka mahakamani mtumiaji wa rula wakati mgogoro ulikuwa na aliyeichonga.

Mwisho wa kesi unathibitisha hilo kwa namna ya pekee. Wengi wa wadaiwa hawakusubiri hukumu, walikubaliana na wadai. Costco, kampuni ya maduka makubwa yenye vituo vyake vya mafuta, ilikuwa ya kwanza, mwaka 2009: ilikubali kufunga pampu zinazorekebisha joto katika majimbo 14, mengi ya kusini na magharibi, ambako yenyewe ilinunua mafuta kwa galoni zilizorekebishwa. Hapakuwa na fedha za kuwalipa wanunuzi. Baadaye yakafuata makubaliano mengine, yakafika 28. Katika baadhi yake kampuni ziliahidi vifaa. Katika mengine, hasa yale ya kampuni kubwa zenye viwanda, zilitoa fedha ambazo zingekwenda kwa idara za vipimo za majimbo ili ziwezeshe kuanzishwa kwa pampu hizo. Jumla ilikuwa zaidi ya dola milioni 20. Jaji Vratil aliyapitisha mwaka 2015 na mahakama ya rufaa ikamuunga mkono mwaka 2017. Mwananchi aliyejaza tangi lake Tucson, Arizona, kwa miaka 10 hakupata hata senti. Kilichonunuliwa kilikuwa uwezekano wa idara za serikali kubadili kipimo kama zikitaka. Hadi leo, kwa petroli ya rejareja, pampu ya kurekebisha joto haijawa jambo la kawaida Marekani.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba sheria zao hazikuwa ngeni kwa marekebisho ya joto. Pennsylvania, kwa mfano, mafuta ya kupasha nyumba joto yanayoletwa na lori hadi mlangoni yanaweza kupimwa kwa mita inayorekebisha hadi nyuzi 60, na risiti ikasema hivyo. Mwenye nyumba anapokea galoni iliyorekebishwa kwenye tangi lake la nyumbani, kisha anaingia kwenye gari na kununua galoni ya aina nyingine barabarani.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu za mafuta ya jumla zina joto lake la kumbukumbu pia, nyuzi 20 za Selsiasi. Kwenye sheli tunauziwa lita kama ilivyo. Stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu inakuthibitishia kwamba mita ni sahihi, na hiyo ni kinga kubwa dhidi ya mwizi. Haikuambii mafuta yana joto gani. Anayelipia petroli lita 40,000 za nyuzi 20 na kuziuza zikiwa na nyuzi 30 anapata kama lita 480 za juu, bila kugusa kitu. Ushauri unaosambazwa kila mara kwamba ujaze alfajiri ili upate mafuta ya baridi hauna msaada wa maana, kwa sababu tangi lililo chini ya ardhi halipoi usiku mmoja.

Athari kubwa zaidi kwetu naiona kwenye malori. Dizeli hutanuka kidogo kuliko petroli, karibu asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lori limepakia lita 36,000 Dar es Salaam mchana wa jua, likapanda nyanda za juu na kufika Njombe kwenye baridi. Mafuta yakipoa kwa nyuzi 5 tu njiani, karibu lita 150 hazitaonekana kwenye kijiti cha kupimia, ingawa hakuna tone lililotoka. Palipo na kipimajoto, jedwali na hati ya depo iliyoandikwa joto la kupakilia, hesabu ya dakika tano inamaliza ubishi. Pasipo na hivyo, msimamizi wa kituo anatazama kijiti chake, anatazama hati, halafu anamgeukia dereva aliyesimama kando ya lori lake na lakiri zote zikiwa hazijakatwa.